Dola ya Morgan, nusu dola au senti 10? Sarafu za zamani za silva za Marekani, uanze na ipi

Watu wengi wakianza kuulizia sarafu za zamani za Marekani swali lao ni moja, "ipi ina hela?" Mimi naona hilo ni swali la pili. La kwanza ni unataka sarafu ikukumbushe nini, maana hizi za kawaida silva ni ile ile, asilimia 90 silva na 10 shaba, na ukinunua kwa akili bei ya kila aunsi ya silva iliyomo haipishani sana kati ya dola kubwa na visenti vidogo. Kinachopishana ni historia iliyobebwa na urahisi wa kupigwa, yaani kutapeliwa.

Tuweke mpaka kwanza. Sarafu za kawaida za silva asilimia 90 ziliishia na mwaka 1964. Silva ilikuwa inapanda bei, watu wanazificha sarafu majumbani, chenji inakuwa shida madukani, ndipo 1965 Rais Lyndon Johnson akasaini sheria iliyotoa silva kabisa kwenye senti 10 na senti 25, na nusu dola ikashushwa hadi asilimia 40 ikaendelea hivyo mpaka 1970. Njia rahisi ya kujua hauhitaji hata kusoma mwaka: simamisha kota (senti 25) mbili kwa ubavu, ya silva ubavu wote ni mweupe, ya baadaye utaona mstari wa kahawia wa shaba umepita katikati kama sandwichi. Na sauti pia, ukigonga ya silva kidogo mlio unavuta, ile nyingine inasema "tak" basi imeisha.

Hesabu ya silva iliyomo ndani, ishike kichwani kabla hujaingia dukani: dola ya Morgan au Peace aunsi 0.773, nusu dola 0.362, senti 25 ni 0.181, senti 10 ni 0.072. Zidisha na bei ya silva ya siku hiyo (ipo kwenye simu yako), ukipata jibu ndio unajua muuzaji anakuuzia silva au anakuuzia maneno.

Morgan na Peace

Macho ya wengi yanakimbilia kwenye dola na siwalaumu, Morgan ukiiweka kiganjani ni milimita 38 na gramu 26.73, unajua kabisa umeshika kitu. Ilitengenezwa 1878 hadi 1904 halafu ikarudi kama pesa ya kutumika mwaka mmoja tu, 1921. Jina ni la mchongaji wake George T. Morgan, Mwingereza aliyehamia huko, na sura iliyopo ni ya mwalimu wa Philadelphia aitwaye Anna Willess Williams, ambaye umaarufu wenyewe haukumfurahisha.

Sasa kuna jambo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Dola nyingi za Morgan hazikutumika na mtu. Migodi ya magharibi, hasa Nevada, ilikuwa inamwaga silva mpaka bei inashuka, wenye migodi wana watu wao bungeni, sheria ya 1878 ikailazimisha serikali inunue silva ya dola milioni 2 hadi 4 kila mwezi na kuigeuza sarafu, wananchi wa mashariki kule wakaona huu mzigo wa nini, bora noti, basi dola zikafungwa kwenye magunia ya 1,000 zikalala kwenye stoo za hazina. Mwaka 1918 sheria nyingine ikaruhusu ziyeyushwe, zikaenda zaidi ya milioni 270, na silva nyingi ikauzwa kwa Uingereza kwa ajili ya India, wakati ule wa Vita vya Kwanza ambapo rupia za Kihindi zilikuwa bado zinatumika mpaka kwetu pwani. Zilizobaki ziliendelea kulala. Kwa hiyo ukiona Morgan ya 1881 ya kiwanda cha San Francisco inang'aa kama imetoka kiwandani jana, si lazima iwe feki, inaweza kuwa ya 1881 kweli, ila haijawahi kununua mkate wala kulipa nauli, maisha yake yote ilikuwa gizani ndani ya gunia.

Kwa mtu anayependa urembo hiyo ni sifa. Kwa mtu anayetafuta kumbukumbu za watu, hapo kuna pengo.

Halafu kuna suala la uadimu, ambalo kwenye Morgan linawazuzua watu sana. Kiwanda cha Carson City, herufi zake CC chini ya shada upande wa tai, kinapandisha bei peke yake hata kama sarafu imechoka, na ya San Francisco ya 1893 ambayo zilitengenezwa 100,000 tu ndiyo ndoto ya kila mtu. Ila kumbuka habari ya 1903 ya New Orleans. Hiyo ilikuwa kati ya ghali kabisa za mfululizo mzima, watu wanaitafuta kwa tochi, kufika mwishoni mwa 1962 hazina ikatoa magunia yaliyokuwa yamefungwa miaka mingi, kumbe ziko kibao, bei ikaporomoka ghafla. Aliyekuwa amenunua mwezi mmoja kabla sijui alilala vipi. Hata hizo CC zenyewe, hazina ilikutwa na karibu milioni 3 za dola za zamani, nyingi za Carson City, serikali ikaziuza yenyewe kwa wananchi kati ya 1972 na 1980 kwenye vikasha vya plastiki ngumu, na leo ukikuta ambayo bado iko kwenye kasha lake inapendwa zaidi kuliko iliyotolewa.

Dola ya Peace ni nyingine kabisa japo uzito na silva ni vile vile. Ilianza mwishoni mwa 1921 kuadhimisha amani baada ya vita, ikaenda hadi 1928, ikarudi 1934 na 1935 ikaisha kama pesa ya kutumika. Mchongaji Anthony de Francisci alikuwa mhamiaji kutoka Italia na sura aliichora kwa kumtazama mkewe Teresa, naye mhamiaji pia, aliyefika akiwa mtoto. Kwa sisi tuliofika huku na masanduku yetu hiyo peke yake inatosha kuipenda. Chini ya tai kuna jiwe limeandikwa neno la amani, tai katulia, hana makelele kama yule wa Morgan aliyetanua mabawa.

Bibi mmoja niliyekuwa namhudumia nyumbani kwake, mzee wa miaka zaidi ya 90, alikuwa nayo ya 1923 aliyopewa na baba yake, baba alilipwa mshahara Montana wakati ambapo majimbo ya magharibi bado watu wanapokea dola za silva mkononi kama kawaida. Shavu la yule mwanamke kwenye sarafu lilikuwa limelainika, nywele zimekuwa kama zimefutwa na kitambaa, maana bibi alikuwa na tabia ya kuipitishia kidole gumba akiangalia TV. Kwa muuzaji ile ni sarafu ya bei ya silva tu, hakuna cha zaidi. Wanawe walishagombana nani ataichukua.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili, Morgan inashinda kwa aina nyingi, viwanda vingi, na soko kubwa, ukitaka kuuza haraka utauza. Peace inashinda kwa bei ya kuingilia (1922 na 1923 zimejaa, usikubali kulipa bei ya ajabu) na mfululizo wake ni mfupi, unaweza kuukamilisha bila kuuza kiwanja. Kaa mbali tu na ya 1928 ya Philadelphia kama bado unajifunza, zilitengenezwa 360,649, na kitu adimu hivyo lazima wahuni wakifuate.

Na kwa kuwa tuko kwenye dola nisipoitaja hii nitajilaumu. Sarafu maarufu kuliko zote Marekani, dola ya mwaka 1804, haikutengenezwa 1804. Ilitengenezwa 1834 kwa ajili ya zawadi za kidiplomasia alizobeba mjumbe wa Marekani Edmund Roberts, mojawapo ikipelekwa kwa Sultani wa Muscat, ambaye ni Sayyid Said bin Sultan, huyo huyo wa Zanzibar na mikarafuu, aliyesaini mkataba wa biashara na Marekani 1833. Ile inayosemekana kuwa ndiyo yake iliuzwa mnadani 1999 kwa zaidi ya dola milioni 4. Sasa ukisikia mtu anasema sarafu za Marekani hazituhusu, mwambie akae chini kwanza.

Nusu dola, hapa ndipo napendea

Nusu dola ziko tatu za kupima: Walking Liberty ya 1916 hadi 1947, Franklin ya 1948 hadi 1963, na Kennedy ya 1964.

Walking Liberty ni kazi ya Adolph Weinman, mwanamke anatembea kuelekea jua linalochomoza, bendera imemfunika mabegani, mkono mmoja kaunyoosha. Wengi wanasema ndiyo sarafu nzuri kuliko zote Marekani ilizowahi kutoa na sitabishana nao. Raha yake ni kwamba hizi zilifanya kazi. Nusu dola miaka ya 1930 ilikuwa pesa ya maana, kibarua wa wakati wa mdororo wa uchumi ilimchukua muda kuipata, halafu vita ikaja, askari wakawa nazo mifukoni. Ukishika iliyochakaa tazama gauni, zile mistari za mkunjo zinazoshuka mguuni ndizo za kwanza kufutika, na mkono ulio katikati ya mwili mara nyingi hauonekani vizuri hata kwenye mpya, hasa za San Francisco za miaka ya 1940, kwa sababu ziligongwa hafifu kiwandani. Kwa hiyo usimkatalie muuzaji ukidhani imechakaa kumbe ilizaliwa hivyo, na pia usimlipe bei ya "safi kabisa" kwa kitu kilichogongwa vibaya.

Za 1941 hadi 1947 ni sarafu 20 tu ukihesabu miaka na viwanda vyote, na karibu zote zinapatikana kwa bei iliyo jirani na silva yake zikiwa zimetumika. Huu ndio mradi ninaompendekezea mtu yeyote. Mwaka 1921 na 1938 ya Denver ziache kwanza, hizo ni adimu.

Franklin niseme ukweli sijawahi kuielewa. Mzee Benjamin upande mmoja, kengele ya uhuru yenye ufa upande mwingine, na kando yake kuna katai kadogo kama kifaranga, kamewekwa kwa sababu sheria ilidai lazima tai awepo. Faida yake ni bei na urahisi, mfululizo mzima ni sarafu 35, hakuna hata moja ya kukufilisi. Kwa mtu wa kujaza albamu na mtoto wake Jumapili, iko poa sana. Kwa hadithi, mh.

Kennedy ya 1964 ni kinyume chake. Si adimu hata kidogo, zilitengenezwa zaidi ya milioni 400, kimahesabu ni silva tu. Ila hakuna sarafu ya Marekani iliyojaa kumbukumbu kama hii. Rais kauawa Novemba 22, 1963, kabla mwaka haujaisha bunge limeshapitisha sheria ya kuweka sura yake kwenye sarafu, mjane wake Jacqueline akapendelea nusu dola ili Washington asitolewe kwenye senti 25, Machi 1964 zikatoka na watu wakapanga foleni kuzichukua. Na hawakuzitumia! Waliziweka kwenye droo, kwenye Biblia, kwenye boksi la pete, ndio maana hadi leo ukienda kwenye mauzo ya vitu vya marehemu huku lazima ukute moja imefungwa kwenye kitambaa, haina mkwaruzo. Nusu dola kama pesa ya kutumika mtaani ilianza kufa hapo.

Na sisi Waafrika Mashariki tuna hisa humo. Mwaka 1960 wakati Tom Mboya anahangaika kutafuta nauli za ndege za wanafunzi kwenda kusoma Marekani, taasisi ya familia ya Kennedy ndiyo ilitoa dola 100,000. Julai 1963 Mwalimu Nyerere alikuwa Ikulu ya Marekani anaongea na Kennedy, miezi minne tu kabla ya risasi za Dallas. Wazee wetu wengi walikuwa na picha yake ukutani. Mimi nikimwonyesha mjomba Morgan inayong'aa anasema "nzuri", nikimwonyesha hii anaanza kuongea na chai inapoa.

Angalizo moja: 1965 hadi 1970 ni zile za asilimia 40, silva aunsi 0.148 tu, kuna wajanja wanazichanganya na kuziuza kwa bei ya 1964. Soma mwaka, ndio kazi rahisi kuliko zote.

Senti 10, na senti 25 kidogo

Kama bajeti ni ndogo nenda senti 10. Mercury (1916 hadi 1945, Weinman tena) si mungu Mercury, ni mwanamke wa uhuru kavaa kofia yenye mabawa, watu walikosea jina likaganda. Unanunua moja moja kila ukipata chenji, ni ndogo, unaweza kukaa na kitabu chake cha kadibodi na kuzisukuma kwenye matundu yake hadi kijae. Tundu litakalobaki wazi ni la Denver 1916, zilitoka 264,000, na usijaribu kulijaza na ya mtandaoni isiyo na cheti, kuna watu wanachukua ya kawaida na kubandika herufi D.

Roosevelt ya silva, 1946 hadi 1964, inadharauliwa kwa sababu sura yake ndiyo ile ile ipo kwenye chenji ya leo. Lakini kwa nini senti 10? Roosevelt alipata ugonjwa uliosemekana ni polio ukubwani, ikaanzishwa kampeni 1938 watu wachange senti 10 kupambana na ugonjwa huo, barua zenye sarafu zikamiminika Ikulu kwa magunia, akafariki Aprili 1945, na Januari 30 ya 1946, siku yake ya kuzaliwa, sarafu ikatoka. Chanjo ya Salk ya 1955 ilifadhiliwa na michango hiyo. Kwa mtu aliyekulia mtaa wenye jirani aliyepooza mguu kwa polio, hicho kisarafu hakihitaji tangazo. Bei? Silva tu. Mfululizo wote unakamilika bila jasho.

Senti 25 ya Washington nairuka, ni sarafu nzuri ya kuweka akiba ya silva lakini ukiacha za 1932 za Denver na San Francisco hakuna la kusimulia.

Au ununue mpya tu?

Kuna Silver Eagle, inatoka tangu 1986, aunsi moja kamili, silva 999, na uso wake ni ule ule wa Walking Liberty. Kwa anayetaka silva safi bila kuwaza gredi (kiwango cha uchakavu), ndiyo hiyo, na kwa zawadi ya mtoto aliyezaliwa mwaka huu ni nzuri kwa sababu mwaka umeandikwa. Ila utalipa nyongeza juu ya bei ya madini, na nyongeza hiyo mara nyingi ni kubwa kuliko ya nusu dola chakavu. Nayo haina mtu ndani yake bado, kumbukumbu utaianza wewe.

Mambo ya kutopigwa

Usisafishe. Najua kwetu silva ikipauka inapigwa majivu na ndimu hadi iwake, bangili sawa, sarafu hapana, ukisugua tu mkusanyaji anaona kwa jicho la kwanza na nusu ya bei au zaidi imeondoka. Weusi wa miaka uache. Usizihifadhi pia kwenye plastiki laini inayonuka kama pazia jipya la bafuni, inaleta utando wa kijani unaokula sarafu.

Feki ni nyingi kwenye dola kubwa kuliko kwenye vidogo, kwa sababu inalipa. Mizani ya gramu ya bei rahisi na sumaku vinatosha kukamata feki nyingi za ovyo: Morgan ya gramu 24 ni feki, inayonata kwenye sumaku ni feki, muuzaji anayekataa isipimwe ni feki zaidi. Ukinunua ya bei kubwa chukua iliyofungwa na PCGS au NGC, kampuni za kupima na kuthibitisha sarafu, halafu hakiki namba ya cheti kwenye tovuti yao, maana siku hizi hata makasha wanaiga. Kwa nusu dola ya silva ya kawaida kasha hilo ni kupoteza hela, ada ya kuipima inaweza kuzidi faida.

Wanaoishi Marekani wana njia moja tamu, kwenda benki na kuomba roli za nusu dola, 20 kwa dola 10, unapekua ubavu, zisizo na silva unarudisha. Mara nyingi hutapata kitu. Ukipata, umeipata kwa senti 50.

Basi ukiniuliza leo ununue nini na hela si nyingi, ningesema Kennedy moja ya 1964, Peace moja ya 1922 au 1923 iliyochakaa vizuri, na konzi ya senti 10 za Roosevelt za kuwagawia watoto wakizisikia habari zake. Walking Liberty za 1941 hadi 1947 ziwe mradi wa mwaka mzima, moja moja, tena uchague ambazo gauni bado lina mikunjo. Morgan isubiri hadi uwe na mizani.